Mguu wa Kushoto wa Emery

Jumapili, 6 Mei 2018
Leo baada ya ibada ugomvi ulizuka mlangoni mwa kanisa, na haukuwa wa dini. Timu yetu ya kanisa hili la Wakongomani hapa Johannesburg, Tanganyika FC, inatimiza miaka ishirini mwezi wa tisa, na kamati inataka kumtunuku jezi namba tisa mshambuliaji bora wa miaka yote hiyo. Vijana wanamtaka Gaël, anayecheza sasa. Wazee hawasikii jina lingine ila Emery, aliyeacha mpira mwaka 2006 na ambaye siku hizi anashona mapazia katika duka la Papa Lambert kule Marshalltown. Emery mwenyewe alikuwa amesimama pale mlangoni, kofia ya sufu kichwani, akiangalia viatu vyake.

Papa Lambert, mwenyekiti wa timu, akanishika mkono. "Maman Bosi, si kazi yako kule benki ni mahesabu? Utuhesabie. Tumechoka na makelele."

Nikakubali kabla sijafikiri. Roy, mume wangu, amenicheka njia nzima mpaka nyumbani Troyeville. Anasema ukimwambia Mkisii kama mimi kuna ubishi wa namba, umemwalika harusini.

Jumamosi, 12 Mei
La Rochelle, saluni ya Victorine. Ndiye aliyeandika kila mechi ya Tanganyika tangu mwaka wa kwanza, na madaftari anayo yeye. Nilimkuta anamsuka mteja. Hakuinua kichwa.

"Nani amekutuma?"

"Papa Lambert."

Vidole vikasimama katikati ya msuko. "Lambert mwenyewe njo amesema uyachukue?"

"Mwenyewe." ("Njo" yao ndiyo "ndiye" yetu.)

Akanawa mikono polepole, akaingia nyuma, akatoka na madaftari kumi na manne yaliyofungwa kwa kitenge. Nikafungua moja palepale. Tarehe, wapinzani, matokeo, hali ya hewa, mfungaji, na mbele ya kila goli herufi moja, D au G. Nikamuuliza maana yake.

"Droite, gauche. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto."

"Ulipata wapi wazo la kuandika mguu?"

"Mdogo wangu Alexis aliniomba. Alipenda kujua vitu kama hivyo. Yuko Australia sasa." Akarudi kwenye kichwa cha mteja wake. Nilipofika mlangoni akaniita. "Maman Bosi, soma yote. Usiruke mstari."

Jumanne, 15 Mei
Baridi imeingia. Daftari la kwanza lina harufu ya mafuta ya nywele.

Jumapili, 27 Mei
Hesabu ya kwanza imekamilika. Emery: mechi 104, magoli 126. Gaël: mechi 139, magoli 121. Kwa kila mechi, Emery goli moja na robo kasoro kidogo, Gaël hafikishi hata goli moja. Na zamani walicheza dakika sabini tu, sasa ni tisini, kwa hiyo pengo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Papa Lambert alipiga kofi la furaha. "Si nilisema?"

Gaël, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye mdomo mkali, aliniambia kwa adabu yote: "Maman, zamani walikuwa wanacheza na nani? Na wapishi?"

Nilitaka kucheka, lakini swali lake limenikaa kichwani.

Jumatano, 30 Mei
Wapishi. Kumbe kweli. Mwaka 2003 walicheza dhidi ya wafanyakazi wa mgahawa mmoja wa Bertrams, wakashinda kumi na moja kwa mbili.

Jumapili, 10 Juni
Nimekaa na matokeo ya mechi zote za enzi zote mbili, na sasa sioni tena jambo lilelile. Enzi za Emery mechi moja ilizaa magoli matano na nusu, ukijumlisha pande zote mbili. Uwanja ulikuwa vumbi tupu, makipa walikuwa watu waliochelewa kufika. Siku hizi kuna mafunzo, kuna nyavu, kuna walinzi wanaojua kazi, na mechi moja inatoa magoli matatu na kidogo tu. Goli la mwaka 2003 halilingani na goli la mwaka 2017.

Kwa hiyo nimeuliza swali jingine: katika kila magoli mia yaliyofungwa kwenye mechi zake, mtu huyu alifunga mangapi? Emery ishirini na mawili. Gaël ishirini na manane.

Niliisoma hesabu hii mbele ya kamati. Papa Lambert alisema nimechanganya mambo, nirudie. Kilichonishangaza ni Emery. Alikuwa amekuja kuleta viti. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Umehesabu vizuri, Maman. Mpatie Gaël." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo. Nimemfahamu miaka minne na leo ndiyo mara ya kwanza kumwona akitabasamu.

Jumanne, 26 Juni
Papa Lambert amenipigia simu mara mbili kuniambia nirudie. Nitarudia. Sipendi kuambiwa nimechanganya.

Jumapili, 8 Julai
Acha niandike kwa mpangilio.

Safu moja tu sikuwa nimeigusa: D na G. Sikuona faida yake. Leo, Roy akitazama mpira sebuleni, nikaingiza herufi zote kwenye kompyuta, nikazipanga kwa tarehe.

Kuanzia 2001 hadi mwanzo wa 2004, Emery anafunga kwa kulia. Kulia, kulia, kulia. Sawa, ni mtu wa mguu wa kulia. Halafu tarehe 18 Aprili 2004, magoli matatu, yote kushoto. Jumapili iliyofuata, moja, kulia. Inayofuata, mawili, kushoto. Kulia. Kushoto. Zaidi ya miaka miwili hivyo, wiki hii na wiki ile, kama mtu anayevaa viatu kwa zamu.

Mchezaji wa miguu yote miwili angechanganya ndani ya mechi moja. Angefunga la kwanza kulia na la pili kushoto. Huyu hachanganyi. Mechi zake zimegawanyika makundi mawili, na katikati hamna kitu. Nimefanya kazi na namba miaka kumi na tatu na najua zinavyokaa mtu mmoja anapokuwa na siku nzuri na siku mbaya. Hazikai hivi.

Hawa ni watu wawili.

Nikawatenganisha, na mechi zisizo na goli lake nikazigawa kwa zamu ileile ya wiki. Wa kulia: mechi 66, magoli 58. Ni sawasawa na Gaël kwa mechi, na ukizingatia enzi, yuko chini yake sana. Wa kushoto: mechi 38, magoli 68. Nilihesabu tena kwa mkono, kwa penseli. Sitini na nane. Katika kila magoli mia ya mechi zake, thelathini na mawili ni yake. Hakuna mtu katika miaka ishirini ya madaftari haya anayemkaribia.

Mechi yake ya mwisho ni Jumapili tarehe 13 Agosti 2006. Jua kali, upepo, ushindi wa manne kwa moja, magoli mawili, yote kushoto. Chini yake Victorine amepiga mstari kwa rula. Baada ya mstari huo Emery hayumo tena, wa kulia wala wa kushoto.

Roy aliniuliza mbona nimesimama jikoni na sipiki.

Jumatatu, 9 Julai
Sikuweza kufanya kazi. Wakati wa chakula cha mchana nilipita mbele ya duka la Papa Lambert. Emery alikuwa mashineni, anasukuma kitambaa kwa mkono wa kulia. Nikapita bila kusalimu.

Jumamosi, 14 Julai
Nimerudi kutoka La Rochelle. Nitaandika kama nilivyosikia.

Victorine alifunga saluni mapema. Nikamwekea karatasi yangu mezani, ile yenye safu mbili. Aliisoma muda mrefu, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari.

"Sitini na nane," akasema. "Mimi nilikuwa nahesabu sitini na saba."

Nikakumbuka ni nani aliyeomba miguu iandikwe.

"Ni Alexis."

"Ni Alexis."

Mdogo wake alifika Johannesburg mwaka 2004, na maombi yake ya kibali cha mkimbizi yalikuwa bado. Ligi ilitaka kadi yenye picha pamoja na kibali. Emery aliajiriwa kulinda majengo, akifanya kazi Jumapili moja na kupumzika moja. Walifanana urefu, na picha ya kadi ilikuwa imefifia. Jumapili ambazo Emery yuko zamu, Alexis alicheza kwa kadi ya Emery, na kwa sababu polisi walisimamisha watu njiani, alibeba na kibali cha Emery mfukoni. Wachezaji wenzao walijua, lakini wamehama zamani; waliotazama kando ya uwanja, katika vumbi lile, waliona jezi namba tisa tu.

"Na Australia?"

Victorine alikunja ile karatasi mara mbili. "Tarehe kumi na tatu, baada ya mechi, alikuwa anavuka barabara na viatu mkononi. Gari ikamgonga. Lambert njo alikimbia hospitali. Muuguzi ametoa kibali mfukoni mwake, akauliza, huyu ni Emery? Lambert akasema yes."

Sikuelewa mara moja. Au nilielewa na sikutaka.

"Wakaandika Emery," akaendelea. "Alifariki saa mbili baadaye. Cheti ni Emery. Kaburi ni Emery. Tulimzika mimi, Lambert, Emery na mchungaji wa zamani, na mchungaji alirudi Bujumbura. Sisi watatu tuliapa juu ya Biblia ya Lambert kwamba hatutasema kwa mdomo wetu. Maana tukisema, Emery anafungwa kwa kuazima kibali, na Lambert kwa kudanganya."

"Lakini ulinipa madaftari."

"Sikuapa juu ya madaftari." Sasa alikuwa analia, bila kelele. "Miaka kumi na miwili nangoja mtu asome. Watu wanakuja hapa wanasema Emery, Emery alifunga manne kwenye mvua ya mawe. Ni mtoto wa mama yangu alifunga yale. Mimi nilikuwa pale, nimelowa, nimeandika."

Nilimshika mkono. Nilidhani mimi ndiye nimekuja na kitu cha kumshtua.

Jumapili, 15 Julai
Sikwenda kanisani.

Jumanne, 17 Julai
Papa Lambert amenifuata nje ya benki, tepu ya kupimia bado shingoni. Victorine amemwambia. Mtu huyu nimemwona kila wiki, amenikunjia sketi ngapi sijui, na leo alionekana mzee.

"Nilisema neno moja tu, Maman. Ningesema hapana, wangeuliza kibali cha mwenzake kimefikaje mfukoni. Nikasema kesho nitarekebisha. Kesho ikawa mazishi." Akafuta uso. "Emery alipoenda kuongeza muda wa kibali, karani aligeuza kompyuta amwonyeshe. Kwa heshima kabisa. Akamwambia, bwana, huyu alikufa. Tangu siku ile anakaa dukani kwangu. Hana benki, hana daktari, hawezi kuoa. Andika Gaël, tuyamalize."

"Kwa nini basi ulinituma kuhesabu?"

"Nilitaka Emery apate kitu. Hata jezi. Sikujua yule dada aliandika mguu."

Jumatano, 18 Julai
Nimemweleza Roy. Alizima televisheni, akauliza, "Na mama yao? Huko kwao wanajua nini?" Sikuwa nimefikiria.

Jumamosi, 28 Julai
Emery alinipeleka makaburini. Aliomba mwenyewe. Majani yamekauka, yananata kwenye soksi. Tulitembea safu nyingi hadi kwenye kibao kidogo cha saruji, na pale, kwa herufi zilizoandikwa kwa msumari, jina lake kamili na mwaka wake wa kuzaliwa. Nilisimama kando ya mtu aliye hai nikisoma kaburi lake. Sijui nieleze vipi. Nilimgusa mkono wa koti kuhakikisha.

"Nakuja kila Agosti kung'oa majani," akasema. "Mwanzoni nilikuwa naogopa. Sasa nimezoea."

Nikamuuliza swali la Roy. Mama yake Victorine na Alexis, Mama Arlène, yuko Uvira, Kongo. Anajua nini?

Akakaa chini, palepale ardhini.

"Anajua Alexis yuko mzima."

"Victorine anamwambia hivyo?"

"Mimi njo namwambia." Hakuniangalia. "Wiki ile ya mazishi mama alipiga simu ya Alexis. Nilikuwa nayo mimi. Laini ilikuwa mbaya. Akasema, mwanangu, mbona uko kimya? Nikasema, niko, mama. Niliona nitamwambia mwezi unaofuata. Kila Jumapili ya mwisho ya mwezi nampigia, kwa Kiswahili, nasingizia lugha ya nyumbani imenipotea. Nimekuwa Alexis kwake miaka kumi na miwili."

Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye uzio. Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia mtu tangu tarehe nane.

"Na Victorine anajua?"

"Anajua. Hawezi kunisamehe na hawezi kunikataza." Akavuta pumzi. "Mwezi huu mama amesema macho yanafunga. Amesema, njoo nikuone kabla sijapofuka. Nimwambie nini, Maman? Wewe unajua namba. Nimwambie nini?"

Nilimsaidia kung'oa majani.

Jumapili, 5 Agosti
Gaël kanisani: "Maman, nasikia nimeshinda." Nikamwambia asubiri. Akaninyooshea kidole gumba, "Sharp." Hajui kitu, na ghafla nikamwonea wivu.

Ijumaa, 10 Agosti
Tumekutana saluni, wanne. Emery amesema anaacha kujificha. Papa Lambert alibishana kidogo, kisha akatoa Biblia ileile kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka mezani, akasema anawafungua kiapo kama anao uwezo huo. Kuna wakili tunayesali naye, Mselem, Mtanzania; anasema kumrudisha Emery hai kwenye kompyuta za serikali kutachukua muda mrefu, kuna hatari, lakini alama za vidole hazifi. Mama Arlène aambiwe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jumatatu, 13 Agosti
Imetimia miaka kumi na miwili leo. Walichagua siku hii wao.

Victorine aliweka simu juu ya meza, sauti nje. Nilitaka kutoka, akanishika. Alianza Emery, kama kila mwezi. "Mama." Sauti ya mwanamke ikajibu kwa furaha, "Alexis wangu, leo umewahi." Emery akafungua kinywa, hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Victorine akaingia kati, akasema yote mwenyewe kwa Kifuliiru, lugha ya kwao. Sikuelewa neno ila majina mawili na Agosti. Hakupunguza kitu, niliona usoni.

Upande wa pili hakukuwa na kilio. Kulikuwa na jogoo, nakumbuka, akiwika mbali. Kisha Mama Arlène akauliza kwa Kiswahili, pole pole, ili yule mwingine asikie: "Basi hiyo miaka yote mimi nilikuwa naombea nani?"

Simu ikakatika. Walipiga tena mara tano. Imezimwa.

Jumapili, 19 Agosti
Hajapokea.

Jumapili, 2 Septemba
Hajapokea. Emery amekonda. Victorine amempelekea chakula dukani, jambo ambalo Papa Lambert anasema hajawahi kulifanya.

Jumapili, 23 Septemba
Sherehe. Ukumbi umejaa, watoto wanakimbia wakipiga kelele kwa Kizulu, wali, sombe yao ya majani ya muhogo, samaki. Kabla sijasoma, Emery alisimama na kuwaambia watu mwenyewe. Hakupamba. "Zaidi ya nusu ya magoli mnayonisifia si yangu. Ni ya Alexis, mdogo wake Victorine. Hayuko Australia. Amelala katika kaburi lenye jina langu." Mzee mmoja aliyempigania Emery tangu Mei alikaa chini taratibu kama aliyesukumwa.

Nikasoma. Emery, mechi 66, magoli 58. Gaël, mechi 139, magoli 121. Alexis, mechi 38, magoli 68. Nikaeleza vumbi, wapishi, dakika sabini, na zile sehemu za mia.

Gaël akainua mkono. Watu wakamzomea, nikawaomba wamwache. "Mechi thelathini na nane ni chache, Maman. Mimi nimecheza karibu mara nne. Mtu anaweza kuwa na bahati mechi thelathini na nane."

"Ni kweli," nikasema, kwa sababu ni kweli. "Siwezi kuapa angeendelea hivyo. Naweza kusema tu alichofanya."

Akafikiri. "Yale manne ya mvua ya mawe ni ya nani?"

"Ya Alexis. Yote kushoto."

"Eish." Akatikisa kichwa. Akaenda mwenyewe mezani, akaichukua ile jezi namba tisa, akampelekea Victorine kwa mikono miwili, akarudi kukaa. Sikudhani angefanya hivyo. Nimemhukumu kijana yule kwa mdomo wake msimu mzima.

Jumapili, 30 Septemba
Mvua ya kwanza imenyesha wakati wa mahubiri, nzito, juu ya mabati. Tulipotoka, tukajibanza chini ya kibaraza tukisubiri ipungue. Simu ya Emery ikaita. Akaiangalia na hakuweza kuipokea. Victorine akaichukua, akabonyeza, akamwekea sikioni. Mvua ilikuwa na kelele, kwa hiyo aliweka sauti nje.

"Nimeuliza watu," Mama Arlène akasema, bila salamu. "Wanasema baba yako na mama yako waliuawa Fizi."

"Ndiyo, mama."

"Wote?"

"Wote."

Papa Lambert alivua kofia yake, sijui kwa nini.

"Nimemlilia mtoto wangu wiki saba. Bado nalia. Wewe nimekukasirikia, na hiyo haijaisha." Akakohoa. "Lakini mwezi umeisha na simu haikulia. Nimekaa nayo mapajani tangu asubuhi. Utakuwa unanipigia. Jumapili, kama zamani. Ila ukipiga, usiniambie wewe ni mtu mwingine. Sema jina lako."

Emery akaishika simu kwa mikono miwili. Akamtazama Victorine, na Victorine akamwashiria kwa kidevu, aendelee.

"Ni Emery, mama."

"Sikusikii, kuna mvua. Sema tena."

Akasema tena, kwa nguvu, hadi watu waliokuwa upande wa pili wa barabara wakageuka.